Bokungu Hakujua Kusimama

Bokungu alikuwa mtu wa kuchosha macho. Sisi majirani zake kambini, pale kituo cha jeshi cha Kamina, tulimwona akila huku anazunguka meza, na kanisani alisali nyuma kabisa, akienda na kurudi. Tangu nchi ibatizwe Zaire alikuwa akipiga tromboni kwenye fanfari, bendi ya matarumbeta ya jeshi, na fanfari hupiga ikitembea. Ngalula, mkewe, alisema ameolewa na treni isiyo na stesheni.

Kisha meno yake ya mbele yakalegea. Muuguzi akamwambia yatang'olewa Jumatatu. Tromboni bila meno ya mbele ni bomba tu. Bokungu aliogopa, na hakuficha: kupuliza kote huko, na hakuna hata kaseti moja yenye sauti yake!

Bahati nzuri Émile alikuwa amerudi. Huyu ni kijana wa Kibelgiji aliyekulia hapahapa, mwana wa fundi wa ndege. Yeye na wenzake huko Ulaya walikuwa wanarekodi albamu ya hevi metali, muziki wa magitaa yanayonguruma, naye alitaka tromboni nzito chini yake. Bokungu alikubali kabla hajamaliza kuulizwa.

Jumamosi tulijazana madirishani mwa ukumbi wa kambi kutazama akirekodiwa. Bokungu alikuja na buti za gwaride, maana kwake kupiga pekupeku ni kama kwenda misa bila suruali. Émile akamsimamisha mbele ya maikrofoni. Akapuliza, na miguu ikaondoka. Tromboni ikaenda ukutani, buti zikajaa kwenye kaseti: paa, paa, paa.

"Papa Bokungu, usitembeye! Mikro inasikia bilato, ile buti yako!"

"Minyi shiwezi, mwana. Pumuzi yangu iko mu miguu."

Wakamvua buti, akapoteza mapigo. Wakamkalisha, pumzi ikamkwama. Wanaume wawili wakamshika mabega, akatoa mlio wa mbuzi mgonjwa. Tulicheka sana, mpaka alipojifuta mdomo na kitambaa kikatoka na damu.

Ngalula akaingia, akaokota zile buti, akamvalisha na kumfunga kamba.

"Mumuache atembeye! Weye Émile, tia ile mikro pa katikati. Yeye atazunguka."

Basi akazunguka, na vioo vikatetemeka. Émile akaondoka na kaseti, na Jumatatu meno yakatoka.

Baada ya hapo Bokungu aliwekwa kulinda ghala, na hali ikazidi. Kila ndege ikitua alikimbia kuuliza kama kaseti imekuja. Hakulala, hakukaa, na sisi tulichoka naye.

Kaseti ilifika mvua zilipoanza. Tulibanana sebuleni kwake kuzunguka redio ya kaseti. Magitaa yakanguruma, ngoma zikagombana, mtu akapayuka utadhani ameibiwa mbuzi. Tromboni haikusikika hata kidogo. Bokungu alizunguka meza huku ameshika mdomo.

"Wamenifuta," akasema. Nilitamani kuivunja ile redio.

Halafu magitaa yakanyamaza. Zikabaki buti peke yake: paa, paa, paa, zikija, zikipita, zikirudi.

Ngalula akamshika mkono. "Sikia. Ni weye."

Bokungu akasimama. Hakutikisa hata kidole cha mguu mpaka kaseti ilipoisha.