Kidonda Chini ya Njuga

Ninyi mlio kitandani, na ninyi mnaowauguza, nawaandikia mimi Mafuru, mzaliwa wa Kibara. Nilikaribia kukatwa mguu. Bado ninao, na nataka mjue ilivyokuwa.

Nilipomaliza kidato cha nne, kiwanda kimoja cha nguo mjini Musoma kiliniajiri kama karani wa ghala. Ukweli ni kwamba walitaka miguu yangu, kwa sababu kiwanda kilikuwa na kikundi cha ngoma. Wakanipeleka Dar es Salaam kwenye mafunzo. Huko mwalimu mgeni akanifundisha baleti: kusimama juu ya vidole, kuruka juu na kutua bila kishindo. Niliporudi nikaichanganya na ngoma za nyumbani. Watu wa Mwisenge, mtaani kwangu, walicheka sana. "Mafuru, umekanyaga siafu?" Lakini walijaa kutazama. Tulizunguka mikoa kwa lori la kiwanda, nami nilipenda safari kuliko nyumbani. Mpaka leo nikisikia lori linapanda mlima usiku, moyo unaondoka nalo.

Mimi ndiye niliyeongoza. Njuga za mguu wangu wa kulia zilianza, wapiga ngoma wakazifuata, na wenzangu nyuma yangu wakafuata. Zikilegea, ngoma yote inapotea. Kwa hiyo nilizikaza, na chuma kikanichubua juu ya kifundo. Ilikuwa miaka ya uhaba, ya foleni za sabuni. Hata spiriti ya kusafishia kidonda haikupatikana. Nikafunga kitambaa, nikavaa njuga juu yake, nikazikaza zaidi. Kila nilipokanyaga zilinigonga palepale. Nilijiambia tukimaliza ziara nitapumzika. Ziara ikaisha, nyingine ikaanza.

Siku moja ndani ya lori, Bhoke, dada aliyecheza nyuma yangu, aliziba pua. "Kaka, kuna panya amefia kwenye begi lako!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Harufu ilikuwa ya mguu wangu.

Tulipocheza Butiama nilikuwa na homa kali. Niliruka vizuri, nikashindwa kutua. Walipofungua njuga, kitambaa kilitoka na ngozi, usaha ukamwagika. Wenzangu wakanifikisha hospitali, wakaondoka. Kesho yake walikuwa na onyesho kwingine.

"Usaha umeingia kwenye mfupa," daktari aliniambia. "Nitakwangua. Ikishindikana, nakata chini ya goti."

"Dokta, huu mguu ndiyo kazi yangu."

"Na maiti ana kazi gani?"

Nikatia saini karatasi ya upasuaji.

Mama alikuja kutoka Kibara. Bandeji hazikuwepo, akachana vitenge vyake, akavichemsha, akavianika, akanifunga. Alipoosha kidonda, vipande vyembamba vya mfupa vilitoka kama miiba ya samaki sato. Nilijikaza nisilie.

"Lia, baba," alisema. "Huku hakuna watazamaji."

Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

Nilikwanguliwa, nikakwanguliwa tena. Kila nilipozinduka nilipeleka mkono chini kwanza, kuona kama mguu upo. Wa kikundi hawakuja, isipokuwa Bhoke, mara moja, na mkate mkononi.

"Kiwanda kinapata wamiliki wapya, kaka. Wamepunguza watu."

"Na ngoma?"

"Ngoma ndiyo wameanza nayo."

Mguu ulipona, lakini kifundo kiliganda kama kigingi. Mama akarudi Kibara kulima. Nikabaki chumbani Mwisenge. Maduka sasa yalijaa sabuni za kila rangi. Mimi sikuwa na mtu wa kuongea naye. Jumamosi ngoma za harusi zikianza, nilifunga dirisha.

Kisha kinamama wa kwaya moja ya Bugwema walinitafuta niwapangie mchezo wa sikukuu. Nikakataa. Nikawaambia siwezi kuwaonyesha.

"Nani amekuomba uruke?" alisema kiongozi wao. "Wewe kaa hapo, useme."

Nikakaa, wakacheza. Ndipo nikatambua kwamba miaka yote ile sikuwahi kuona ngoma ikichezwa mbele yangu. Wenzangu walikuwa nyuma ya mgongo wangu. Niliwasikia tu, nikidhani wote wananifuata sawasawa. Sasa nikaona kila mtu ana uzito wake na namna yake ya kugeuka. Mama mmoja mwenye goti bovu alishuka polepole kuliko wengine, akapendeza kuliko wote. Nikawaambia wote washuke kama yeye. Usiku ule nililala bila kuwaza mguu.

Hiyo ndiyo kazi yangu hadi leo. Nakaa Bunda, Butiama au popote wanaponiita, mpaka mchezo ukamilike, kisha naondoka.

Namshukuru Mungu, na yule daktari mwenye maneno makali, na mama yangu, ambaye hakununua kitenge kipya kwa muda mrefu. Wewe mwenye kidonda, usikifunike ili kazi iendelee. Mwambie mtu kwamba kinauma. Mwambie mapema, hata kama atacheka. Na wewe uliyepona nusu, toka nje hivyohivyo.

Wachezaji wangu hucheza pekupeku. Siku ya onyesho huniachia ndala zao, nami hukaa nyuma nimezipakata, nikiwatazama. Ngoma ikiisha huja mmoja mmoja, jasho likiwatiririka, kila mtu anachukua zake. "Asante, mwalimu." Mapaja yangu yakibaki matupu, nasimama, natafuta gari.