Sindano ya Loti

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikisikia harufu ya msonobari hunijia yote kama ilivyokuwa. Tulikuwa Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, tunapanda miche ya msitu kwa kibarua, mimi na rika langu Loti. Mvua ilitunyeshea tangu asubuhi. Loti alivua shati. Akina mama waliobeba miche wakasimama kumtazama, naye akajua anatazamwa, akaongeza mwendo: mashimo mawili kwa moja langu. Mimi mgongo ulinishinda, nikakaa juu ya gogo nikamtazama na mimi. Shule niliishia darasa la nne, lakini hilo nililielewa mapema: kuna watu mwili wao ndio jina lao.

Miaka ikaenda. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wazee walituambia tukawacheka. Mimi nilizeeka bila ugomvi, meno yakaondoka moja moja kama wageni wa harusi. Loti aligombana na uzee. Mkewe alipofariki alimwoa Naomi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mcheshi, mwenye moyo mzuri, na hapo ndipo hofu ilipomwingia. Jioni moja alinikuta bandani nakatia ng'ombe majani.

"Wewe, niambie ukweli. Bado unaweza?"

"Kufanya nini? Kupanda Meru?"

"Achana na mlima, mjinga wewe!"

Tulicheka mpaka ng'ombe akageuka. Kisha akaninong'oneza kwamba siku za soko, kule Tengeru, kuna kijana anauza virutubisho vya kurudisha ujana, na kwenye chumba cha nyuma anachoma sindano za homoni za kiume. Yeye ameshachomwa tatu. Akaniapisha Naomi asijue, nikaapa. Na nisikufiche, mimi nami nilinunua kopo la vidonge vya yule kijana. Niliharisha siku mbili, nikavitupa chooni.

Kwa muda Loti alikuwa Loti tena, anatembea kama anaidai barabara. Halafu asubuhi moja mguu wake ukavimba, uso ukawa mwekundu, pumzi ikawa fupi. Mimi na Naomi tukampeleka hospitali mjini. Daktari alikuwa binti mdogo tu.

"Shikamoo, babu. Kuna dawa yoyote unatumia? Ya hospitali, ya kienyeji, vidonge vya nguvu?"

"Marahaba. Mimi natumia chakula tu, loshoro na maziwa."

Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu: "Babu, nikikutibu bila kujua, naweza kukuumiza." Loti akatazama ukutani. Naomi alikuwa amemshika mkono. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikiona kifo kimeshavuta kiti. Nikaropoka:

"Anachomwa sindano za ujana huko sokoni. Tangu amwoe huyu!"

Tangu amwoe huyu. Maneno hayo matatu, mwanangu, nani aliniuliza? Naomi akauachia ule mkono, polepole.

Binti yule hakucheka. Alipima damu, akakuta imekuwa nzito na imeganda mguuni, wakamtibu akapona. Alitueleza kwamba homoni ni dawa kweli. Wako wazee ambao damu yao ikipimwa, tena zaidi ya mara moja, inaonekana imepungukiwa, nao hupewa kwa kipimo na kuangaliwa kila baada ya muda. Kuchomwa bila kupimwa ni jambo lingine. Na vile vidonge vya kopo, akasema, ulizeni kwanza, vingine vinagombana na dawa za presha.

Basi sikia ninalotaka ubaki nalo. Mwili ukianza kupungua, usiuonee haya mbele ya daktari. Mwambie kila unachomeza na kila unachochomwa, hata kama ulikinunua kwa aibu. Mzee wako mpeleke akapimwe, kisha wewe toka nje ya mlango. Na siri ya mwenzako ikibidi itoke ili apone, itoe, ila tazama kwanza nani yumo chumbani. Ningesema tu, "Shemeji, hebu tutafutie maji ya kunywa," yakaisha. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mungu akupe uzee wenye miguu, mwanangu, na mtu wa kukucheka bila kukudharau.

Loti mwenyewe, alipopata nafuu, alikuja hapa kwangu. Nikamwekea kiti, nikamletea chai, nikamwambia anisamehe.

"Umeniokoa," akasema. "Hilo nalijua."

Nikamsogezea kikombe.

"Lakini Naomi ananihudumia vizuri sana siku hizi. Ananitazama kama anavyotazamwa mgonjwa."

Chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Akainuka, akapita kwenye migomba bila haraka, na mpaka leo hajarudi.