Kipengele Nilichokipigania

Kanuni za maduka ya dawa zilipokuwa zikifanyiwa marekebisho, tuliitwa ukumbini hapa kisiwani Amu kutoa maoni. Mimi leseni yangu nimeisomea, na nilikuwa nimechoshwa na watu wanaouza antibiotiki kama peremende huku mwenye leseni yuko Mombasa anastarehe. Nikasimama nikaunga mkono kipengele kimoja kwa sauti ya juu: mwenye leseni awe kwenye kaunta muda wote duka likiwa wazi, la sivyo lifungwe. Nikapigiwa makofi. Ukumbi ulijaa wanawake, wajane wakiwemo, na hakuna aliyeikumbuka eda, mimi wa kwanza kuisahau.

Kanuni zikapita. Mwaka haukwisha, mume wangu akafariki ghafla.

Nikaingia eda, miezi minne na ushei ndani, nisionekane na wanaume wa nje. Mwenye leseni wa kunishikia nafasi sikumpata, nami nilikuwa nimeapa duka langu halitafungwa hata siku moja. Liko chini ya nyumba yetu, mlango wa ndani unatazamana na kaunta. Nikatundika pazia. Mdogo wangu, asiye na leseni, akawa anauza. Mimi nyuma ya pazia nasoma karatasi ya daktari na kumtajia kipimo. Hata wanawake waliokuja kunipa pole waliniuliza, machozi hayajawakauka, dawa gani nzuri ya kikohozi. Niliwajibu wote. Nilijiona hodari.

Asubuhi moja akaja mkaguzi mwanamume kutoka bara. Akamuuliza mdogo wangu mwenye leseni yuko wapi.

"Niko hapa," nikajibu nyuma ya pazia.

"Pole kwa msiba, madam. Lakini kanuni inasema kaunta. Utoke nikuone, ama nifunge mpaka utakapotoka."

Nilishika pazia nitoke. Hasira zilikuwa zimenipanda, na kipengele chenyewe nilikijua kuliko yeye. Mama yangu, aliyekuja kukaa nami, akanishika mkono.

"Maduka ya dawa yameyaa nti nzima, mwanangu. Mume ulikuwa nae mmoya."

Nikaliachia pazia. Mkaguzi akafunga duka. Kusema kweli alifanya kazi yake sawasawa, na nilimchukia vilevile.

Alasiri ile hakuna aliyeniita. Nikaenda kukaa kitandani, upande aliokuwa akilala yeye, na ndipo nikamlilia mume wangu. Tangu azikwe sikuwa nimemlilia.