Nyumba ya Mwisho Kabla ya Pori

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ni ile Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alipokuja kwetu Msangano kufanya baraza, zama za Mwingereza. Nilikuwa msichana wa kuchota maji tu. Mkalimani wake alikuwa Mwalimu Simkoko wa shule ya misheni, kijana mpole, shati limenyooshwa mpaka unaogopa kumgusa. Bwana Shauri akasema nyumba zote zilizo 'outlying', neno ambalo mwalimu aliliacha kwa Kizungu, zivunjwe, wenyewe wajenge karibu na barabara, ndipo watapata shule na dawa.

Kijijini kwetu nyumba ya namna hiyo ilikuwa moja, ya shangazi yangu Nakamba. Alikuwa dada yake baba, mjane, akikaa peke yake mwisho wa mashamba, na mbele yake ni pori tupu mpaka Mto Momba. Hapo nyumbani ndipo alipomzika mumewe, na habari ya kuhama hakutaka hata kuisikia.

Alikuja mbele, akapiga magoti kama wanawake wetu wanavyofanya mbele ya wakubwa, akasema, "Mwalimu, hilo neno la Kizungu ndilo linalonihamisha. Nieleze lilikotoka."

Wewe unacheka, lakini mwalimu alimjibu kwa adabu. Alisema ni maneno mawili yaliyounganishwa, la nje na la kulala. Waingereza hulitumia kwa shamba, kijiji au hata kisiwa kilicholala mbali na penye watu wengi. "Si tusi, mama," akasema. "Ni neno la kupimia tu."

"Wanapima kuanzia wapi?"

"Kuanzia bomani, mama."

"Basi na boma nalo liko mbali na kwangu," akasema, akarudi kukaa. Watu wakacheka, na Bwana Shauri alipotafsiriwa naye akacheka, lakini amri ikabaki vilevile. Usidhani serikali inahamishwa na jibu zuri.

Shangazi akahamia uani kwetu. Mimi nilifurahi, maana nililala naye na hadithi alikuwa nazo tele. Baba naye alifurahi, akasema sasa dada yake amekuwa mtu kati ya watu. Mwenyewe alikuwa akila matonge mawili, anasukuma sahani, na roho iliniuma kumtazama.

Mahindi yalipoanza kukomaa ndipo tulipojua. Miaka yote ile ni yeye, na debe lake bovu la kupiga, aliyewazuia nguruwe pori wasivuke kuingia mashambani. Baada ya mavuno kila nyumba ilimpelekea kikapu cha mahindi, nasi watoto tukidhani ni sadaka ya mjane. Kumbe ulikuwa ujira. Mzee aliyefanya naye mapatano hayo alikwisha kufa, na waliobaki walizoea kupeleka kikapu bila kuuliza sababu yake, baba yangu akiwa mmoja wao. Msimu ule nguruwe walimaliza shamba baada ya shamba. Wanaume walilinda kwa zamu, wakachoka, wakaanza kulaumiana nani alisinzia. Mama yangu alikaa chini katikati ya mabua yaliyolala, akalia kwa sababu hakujua atatulisha nini.

Baba akamwendea shangazi uani, akavua kofia. "Dada, nakuomba urudi kule."

"Na amri ya Bwana Shauri?"

"Jumbe wa kijiji atasema ni dungu la kulindia shamba, si nyumba."

"Nitarudi," shangazi akasema. "Lakini ukiniletea kikapu, usiseme tena kwamba unamsaidia mjane."

Baba yangu alikuwa mkali, wewe hukumkuta. Siku hiyo alitokwa na machozi mbele yetu watoto, kisha akajitwika nguzo mwenyewe akaenda kujenga.

Mwanangu, nanyi mliosoma mnalo neno lenu, mnasema vijiji vya pembezoni, watu wa pembezoni. Semeni, ni neno la kazi, linamwelekeza msafiri. Ila kabla hujamhamisha mtu wa huko, au kumhurumia, nenda ukaone anafanya nini. Kulishwa na mtu miaka yote huku ukijiona wewe ndiye unayemlisha ni aibu, na aibu hiyo siitaki ikukute. Mungu akupe miguu ya kuwafikia walio mbali, akupe adabu ya kuwashukuru kwa jina la kazi yao, na ukizeeka akuweke mahali ambapo bado unahitajika.