Bakuli la Sita

Nakumbuka adhuhuri moja ya siku ya soko huko Kyuso, mwanangu, jua likiwa utosini na uwanja umejaa watu, na hakuna aliyekuwa akisema neno. Wewe unajua soko lilivyo. Soko ni kelele, ni kuvutana, ni mtu kuapa kwa mama yake kwamba bei haishuki. Lile lilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Wauzaji walikaa nyuma ya magunia yaliyokunjwa. Wanunuzi walisimama mbele yao wakiwa na pesa mkononi, wakiyatazama magunia. Mahindi hayakuwapo, kunde hazikuwapo, hata ndengu ambazo huko ndiko kwao hazikuwapo. Watu walikuja kwa kuwa ilikuwa siku ya kuja. Kivuli kilipoanza kurefuka, walirudi nyumbani na pesa zao.

Njaa ile Wakamba waliipa jina Nikwa Ngwete, yaani ninakufa nikiwa nimeshika, pesa mkononi.

Umekuja kuniaga kwa sababu umepata kazi ya kubeba karatasi za maswali nyumba kwa nyumba. Mimi nilizibeba kabla yako, kwa hiyo keti kidogo, gari halitakuacha.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu. Sikuamini kitu ambacho hakijapimwa. Babangu alipoomba kabla ya kula, mimi nilifungua jicho moja nione kama kuna lolote linalotokea. Niliajiriwa na kituo kidogo cha utafiti pale Nairobi, kilichochunguza watu wananunua nini, wanauza nini, wanakula nini, na mambo hayo yanawageuza vipi. Hakikuwa cha serikali, hakikuwa cha kampuni, hakikuwa cha kanisa. Mkuu wetu alipenda kusema kwamba hatuna bwana ila ukweli. Maneno hayo niliyapenda kama mtoto anavyopenda peremende.

Kazi yangu Kyuso ilikuwa rahisi kuieleza. Nikae katika nyumba moja kwa siku saba. Kila chakula kinachoingia chunguni nikipime kwa mizani ya ndoano, niandike wanaokula ni wangapi, kisha nipime kinachobaki. Siku za soko niwahoji watu uwanjani. Ndivyo nilivyokutana na mzee Kitheka.

Alikuwa amekaa juu ya gunia lililokunjwa, amevaa kabuti nzito katika jua lile. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na aliwauza wote kabla ukame haujawala. Wenzake walimwita mwerevu. Mkewe na watoto walikuwa wamekwenda kwa shemeji zake kule Nunguni, ambako mvua ilikuwa bado inakumbuka njia. Yeye alibaki kulinda boma ambalo halikuwa na kitu cha kulindwa.

"Andika, msichana," aliniambia. "Kwa Kitheka wanakula mara tatu kwa siku."

"Ni nani na nani wanaokula?"

"Mimi."

"Na unakula nini, mzee?"

"Chakula. Huko chuoni mlikuwa mnakula nini, chaki?"

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko pekee nilichokisikia katika soko lile. Nami nikaandika: mara tatu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, mwanangu, na mimi mfukoni nilikuwa na biskuti kutoka Nairobi.

Nyumba niliyopangiwa ilikuwa ya bibi mmoja mjane, Mwaitu Kavinya. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na kila mtu alimwita hivyo. Aliishi na mke wa mwanawe, Mwende, na wajukuu watatu. Mwanawe alikuwa kibarua Mombasa. Bibi huyu alikuwa amefukia mawele katika majivu tangu mavuno ya zamani, kila mtu akimcheka kwamba anatunza chakula cha ndege. Sasa ndiyo yaliyokuwa yakiwaweka hai, kwa uji, kidogo kidogo.

Siku ya kwanza, chungu kilipoepuliwa, nilinyoosha kidole na kuanza kuhesabu. Mmoja, wawili. Mwaitu Kavinya alikishika kidole changu akakikunja, taratibu, kama mtu anayefunga kisu.

"Watu hawahesabiwi kwa kidole. Hata mbuzi hatukuwahesabu walipokuwapo. Tulikuwa tunawatazama tu, tukajua ni nani hayupo."

Mimi pia ni Mkamba, mzaliwa wa Kalamba, mwiko huo nilikua nao. Nikatabasamu, nikawahesabu kwa macho. Walikuwa watano, bila mimi niliyekuja na chakula changu. Lakini bibi alipakua mabakuli ya kibuyu sita. La sita alilipeleka nyuma ya nyumba, akaliweka juu ya jiwe karibu na ua wa minyaa. Kisha tukatoka sote na mitungi kwenda kuchimba maji mchangani mtoni, mwendo mrefu. Tuliporudi, bakuli lilikuwa tupu, limesuguliwa safi, limefudikizwa juu ya jiwe.

"Ni la nani?" nikauliza.

"Ni la anayekuja."

"Anayekuja ni nani?"

"Mgeni haulizwi jina kabla hajala."

"Na akishakula?"

"Akishakula huwa amekwenda."

Nilimfuata Mwende. Alikuwa akipepeta pumba ambazo zilikwisha kupepetwa mara mbili. "Watoto wanasema ni marehemu babu yao," aliniambia.

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema nina watoto watatu na sina nafasi ya kuuliza."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini mimi nilitaka kuupasua mtungi nione. Katika karatasi yangu palikuwa na mahali pa wanaokula na mahali pa chakula kinachopotea. Watoto wale mbavu zao zilihesabika, na uji ulikuwa ukitoka chunguni kwao kwenda kwa mizimu. Nilikasirika, na hasira ilinipendeza kwa sababu ilifanana na elimu.

Siku ya tatu nilichukua majivu jikoni, nikayanyunyiza kulizunguka jiwe. Ndege akija nitaona kucha zake, nilijiambia, na mbwa nitaona nyayo zake. Tuliporudi kutoka mtoni nilitangulia mbio. Bakuli lilikuwa tupu, safi, limefudikizwa. Majivu yalikuwapo. Hayakuwa na unyayo hata mmoja. Yalikuwa na mistari myembamba iliyonyooka, kama nywele zilizochanwa kwa kitana, na mistari hiyo ilikwenda kutoka kwenye jiwe mpaka pengo dogo la ua, kisha ikaisha. Uani palikuwa pamechomekwa kijiti kikavu chenye matawi.

Ulikuwa mchana mweupe, mwanangu. Nilihisi baridi mgongoni, nami sikupenda kuihisi.

Mwaitu Kavinya alisimama nyuma yangu. "Mwiitu wa Kalamba," alisema, yaani binti wa Kalamba, "mizani yako bado ina njaa?"

Siku ya nne nilisema tumbo linanisumbua, wakaenda mtoni bila mimi. Nikaingia katika ghala tupu nyuma ya nyumba. Lilinuka mavuno ya zamani. Kupitia nyufa za fito niliona jiwe, bakuli, na mvuke wa uji ukififia. Hapakuwa na upepo. Nilikaa humo hadi nikaanza kusikia damu masikioni mwangu.

Kwanza nilisikia kikohozi kimoja, cha heshima, kama mtu anayebisha hodi. Kisha sauti ya mtu mzima ikaisalimia nyumba ambayo haikuwa na mtu. Iliwauliza wa humo kama wameamka salama, ikanyamaza kana kwamba inasikiliza jibu, ikashukuru. 

Akapenya pengoni mwanamume mwenye kabuti. Alivua kofia. Aliinua bakuli kwa mikono miwili, akaigeuzia nyumba mgongo, akanywa akiwa amesimama. Hakunywa kwa pupa. Alipomaliza alilisugua kwa mchanga, akalifudikiza, akachukua kile kijiti, akaanza kurudi kinyumenyume huku akifagia nyayo zake mwenyewe.

Nilimtambua, na moyo wangu uliruka kwa furaha. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma kuisema. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimeshinda. Nikatoka ghalani nimejaa vumbi, nikasema kwa sauti kubwa, "Mzee Kitheka. Kumbe wa sita ni wewe."

Alisimama pale pale, ameinama, kijiti mkononi.

"Msichana," alisema, "hujaniona."

"Nimekuona, mzee," nikasema, na nilikuwa nacheka. "Usijali, ni utafiti tu. Nilitaka kujua."

 Kisha akakiachia kijiti kikaanguka, akavaa kofia, akaondoka akitembea mbele kama watu wote. Hakuzifagia nyayo zake.

Hizo nyayo ndizo Mwaitu Kavinya alizoziona aliporudi. Aliutua mtungi kwanza, maji yasimwagike. Hakupandisha sauti.

"Umemhesabu," alisema.

"Mwaitu, nilidhani mnawapa mizimu. Kama ungeniambia ni jirani mwenye njaa, ningenyamaza."

"Kwani mimi nilijua ni nani? Sikumwona. Miezi yote hii sikumwona, na yeye alijua simwoni. Hicho ndicho alichokuwa anakula. Uji ulikuwa wa kuteremshia tu." Akaketi chini. "Mtu aliyelisha kijiji nyama kwenye harusi ya kila mwana hawezi kuja mlangoni na bakuli. Sasa umempa jina. Atakujaje tena?"

Hakuja tena. Kesho yake bakuli lilishinda juu ya jiwe, uji ukaota ngozi, sisimizi wakaja. Bibi akamtuma Mwende alipeleke bomani kwa mzee. Likarudi kama lilivyokwenda. "Amesema nikwambie ameshiba," Mwende alisema. Siku iliyofuata nilikwenda mwenyewe, nikapiga magoti kwenye lango la boma. Alinikaribisha vizuri, akaniambia niketi, akauliza habari za Kalamba. Nilipoutaja uji alisema, "Karatasi yako si inasema nakula mara tatu? Usiiharibu."

Siku zangu saba ziliisha nikaondoka. Nilirudi Kyuso baada ya majuma machache kuhakiki karatasi, na nilipoteremka tu garini nikaambiwa. Walimkuta ameketi juu ya kigoda katikati ya boma la ng'ombe lisilo na ng'ombe, amevaa kabuti, mkono wake wa kulia mfukoni. Walishindwa kuutoa. Walimzika hivyo, ameshika.

Nilikwenda kwa Mwaitu Kavinya. Hakunifukuza. Alipika, nami nikapima kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Akapakua mabakuli sita, langu halikuwamo. Mimi nilikuwa na chakula changu. La sita akalipeleka juu ya jiwe. Nilikiona kile kijiti bado kipo chini, pale kilipoangushwa. Hakuna aliyekuwa amekigusa.

Twende mtoni, alisema, tukaenda wote. Njiani niliwatazama mmoja mmoja, bila kidole: bibi, Mwende, watoto watatu. Hakuna aliyekosekana. Tulichimba pamoja, tukarudi pamoja, na hakuna aliyetangulia.

Bakuli lilikuwa limefudikizwa. Nililigusa kitako, na lilikuwa safi na kavu. Mchanga kutoka jiweni hadi uani ulikuwa umechanwa mistari myembamba iliyonyooka. Kijiti kilikuwa kimechomekwa uani, mahali pake pa zamani.

Nyani hawaoshi vyombo, mwanangu. Huenda alikuwa jirani mwingine mwenye aibu kama ile. Nimejiambia hivyo miaka yote hii, na kuna siku najiamini. Lakini ghala lilikuwa pale hatua ishirini, fito zake zina nyufa, na nilibaki siku mbili zaidi. Sikuingia.

Mwaitu Kavinya alinitazama nikitoa karatasi. "Utaandika wanaokula ni wangapi?"

"Sita."

"Na utawaambia wa sita ni nani?"

"Sijui, mwaitu. Sikumwona."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwasha moto.

Nairobi mkuu wetu alishika kalamu nyekundu, akasema nyumba hii ina watu watano, namba haikubali. Nikamwambia bakuli linaliwa, anayelila simjui, na kama hatuna bwana ila ukweli basi ukweli ni huo. Alinitazama kama unavyonitazama wewe sasa hivi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami sikuambii uache. Mimi mwenyewe sijaacha, na bado nikiombewa hufungua jicho moja. Shuku wakubwa, shuku bei, shuku ripoti, shuku na haya ninayokusimulia. Lakini kabla ya kuuliza, jiulize ni nani atakayelipia jibu. Mimi nilipata jibu langu bure. Mzee Kitheka alililipia. Macho hayana pazia, kwa hiyo mwenye macho ajishonee moja. Ukiingia katika nyumba ya watu, tazama kwanza wanachokifunika, na kama hakimuumizi mtu, nawe saidia kukifunika. Mtu akikwambia anakula mara tatu, mtazame mikono kabla hujaandika. Na ukimwona mtu anafagia nyayo zake, geukia upande wa pili mpaka amalize.

Sasa sogea, nikutemee mate kifuani kama walivyotubariki sisi. Uende na urudi. Chungu chako kisikose uji, na uji wako usikose bakuli moja la kuzidi. Uulize upate, na pale pasipo pako, Mungu akupe mguu wa kupita nje ya ghala.