Fungu la Papa Tharcisse

Antoinette ni jirani yangu wa ghorofa ya tatu, hapa ugenini, Etterbeek. Anafagia ofisi upande wa Porte de Namur. Hana mume wala mtoto, na tangu wazazi wake watoke Bukavu, mwaka wa tisini na sita, alikuwa akiishi nao. Mimi, ambaye sipati usingizi kwa kuwawaza watoto wangu, nilikuwa namwonea wivu kidogo. Akitoka kazini, baba yake, Papa Tharcisse, alikuwa dirishani anamngojea.

Mama yake alipofariki na matanga yakaisha, Antoinette na wadogo zake wawili walikutana kugawana alivyoviacha na kuamua nani atamtunza baba. Niliitwa niwe shahidi. Katika ukoo wao, mkubwa ndiye anayepanga mafungu, mdogo anachagua kwanza, na aliyepanga anabeba linalobaki. Hivyo hawezi kujipendelea. Wala haruhusiwi kuomba kitu.

Antoinette hakuwa na haja na vitu. Alitaka baba yake abaki kwake. Aliniambia jikoni, akimenya viazi: "Maman Anne-Marie, nani atataka muzee wa sindano ya sukari, asubuhi na magaribi? Watamuacha kwangu."

Nilimwuliza kwa nini asiseme tu. Akajibu kwamba mgawaji akishaomba, ugawaji umeharibika.

Basi akapanga. Fungu la kwanza, vikwembe vya mama, yaani vitenge vyake, vizima, ambavyo marehemu hakuwahi kuvikata. La pili, televisheni na sufuria kubwa. La tatu, Papa mwenyewe: mahali pake pa kulala, sindano zake, kumpeleka kwa daktari. Akalitazama hilo la tatu kwa muda, akaona ni kazi tupu, mtu ataonewa. Akainuka, akaleta cherehani ya mama, akaiweka hapo. Nilimkanyaga mguu. Hakunitazama.

"Mimi niko fungu gani?" Papa Tharcisse akauliza kutoka kwenye kiti chake. "Ya sufuria ao ya cherehani?"

"Ya cherehani, Papa," akamjibu Précieuse, binti yake wa katikati. "Umepanda bei."

"Alors, munifunge kamba, nisianguke mu njia."

Tukacheka. Antoinette hakucheka.

Élisée, mdogo wao, akayazunguka mafungu. Anakaa karibu na Gare du Midi, na mke wake, Darlène, anawashonea watu nguo kwa cherehani ya kuazima.

"Bon," akasema, "mimi nabeba Papa."

"Unabeba Papa ao unabeba cherehani?" Précieuse akamwuliza.

"Vyote. Si ni fungu moja? Si ni Yaya, dada yetu mukubwa, alipanga?"

Tukamgeukia Antoinette. Neno moja tu lingetosha. Alimwangalia baba yake, na baba yake akamwangalia yeye, kila mmoja akingoja mwenzake aseme.

"Ni haki," akasema Antoinette.

Précieuse akachukua televisheni na sufuria. Vikwembe vikabaki.

Sasa kila Jumapili Antoinette anakwenda kwa Élisée. Siku moja nilimsindikiza, kwa sababu sura yake ilikuwa hainipi amani. Papa amenenepa. Darlène anamchoma sindano bila kumwumiza, na wajukuu wanampanda magotini. Wakati wa kurudi, ndani ya tramu, nilingoja Antoinette amlaumu mtu, ili nami nimlaumu pamoja naye. Alisema tu kwamba Darlène ana mkono mwepesi wa sindano kuliko wake.