Kijani na Buluu, Nyuma ya Maghorofa ya Ilford

Binti yangu ametengeneza gari la farasi la Kirumi kwa boksi la viatu, kazi ya shule, na juzi aliliweka mezani mbele yangu likiwa limepakwa rangi ya buluu. Nikamwuliza kwa nini asitie kijani. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kijani imekwisha. Nina shahada mbili, msomaji wangu, na boksi la viatu likaniharibia siku.

Ngoja nikueleze. Nilipokuwa na umri wake tulikaa ghorofani Ilford, mashariki mwa London. Mwalimu wetu wa historia alitusimulia jinsi Warumi walivyofurika uwanjani kutazama magari ya farasi yakishindana, na jinsi walivyopenda rangi za timu kuliko hata farasi wenyewe. Wiki haijaisha, nyuma ya jengo letu pakawa Roma. Farasi sisi, magari ni matoroli ya dukani yaliyotupwa karibu na mapipa ya taka. Mwisho wa likizo zilibaki timu mbili: Kijani, dereva mimi, na Buluu, dereva binti wa jirani wa chini, Wahindi waliotoka Nairobi. Fainali Jumamosi. Sijapata kutaka kitu kama nilivyotaka ushindi ule.

Bibi yangu alichukia kelele za magurudumu. “Msinitie presha,” ndiyo salamu yake. Mpaka nilipomweleza kwamba Warumi walifukia maapizo ardhini ili farasi wa wapinzani waanguke.

“Hao walikuwa na akili,” akasema. “Na wewe umejikinga na nini?”

“Bibi, mchezo tu huu.”

“Mchezo, na yule wa chini kila siku ananiuliza unakula nini hata unakimbia hivyo?”

Jumamosi, vitunguu vya pilau vikiwa jikoni, akawasha makaa juu ya jiko la gesi, akatia ubani kwenye chetezo, akateremka mwenyewe hadi chini ya ngazi kufukiza toroli langu, magurudumu na yote. Moshi ukapanda. Kengele ya moto ikalia. Jengo zima likatoka nje, wengine na mataulo, jirani wa chini na kisukumio cha chapati mkononi.

“Bi mkubwa, unachoma nini?”

“Sichomi. Nafukiza.”

“Unafukiza nini?”

Bibi akalitazama toroli. “Ngazi,” akasema.

Wazimamoto walikuja, na mlinzi wa jengo akayabeba matoroli yote siku hiyohiyo. Fainali haikufanyika.

Bibi ametangulia. Jengo limebomolewa, pamesimama maghorofa ya vioo ambapo ukisimama kutazama tu unaulizwa shida yako. Dereva wa Buluu ni daktari wa meno, anakaa Stanmore. Kila tukikutana harusini hunambia, “Tungewashinda,” kisha hufuata bhajia bila kungoja jibu. Majibu ninayo, tena mengi. Wa kuyasikiliza ndiye hayupo.

Leo asubuhi magari ya maboksi yalikuwa yanashindanishwa darasani. Kabla binti hajatoka, nilishusha chetezo cha bibi kutoka juu ya kabati. Nikapanda kiti, nikatoa betri ya king'ora cha moshi, nikafukiza, magurudumu na yote. Gari ni la Buluu, sawa. Mtoto ni wetu.